Sura ya Sita: Naombeni Riwaya ya Kutisha

Swali hilo huja usiku. Mtu amemaliza shughuli zake, watoto wamelala, anafungua kundi la wasomaji kwenye WhatsApp na kuandika: "Wakuu, naombeni riwaya ya Kiswahili ya kutisha. Sitaki mapenzi, sitaki mafunzo. Nataka nisilale." Muda si muda majibu yanamiminika. Mmoja anamtaja Ben Mtobwa na kuishia hapo. Mwingine anatuma picha ya jalada lililochanika, jina la mwandishi halisomeki. Wa tatu anauliza kama Dracula ipo kwa Kiswahili. Wa nne, ambaye hakosekani kundi lolote, anasema Kiswahili hakina riwaya za namna hiyo, tusome za Wazungu.

Nimekaa kwenye makundi haya muda mrefu, mara nikiwa msomaji tu, mara nikiwa msimamizi, na jibu la huyo wa nne ndilo linaloniuma kuliko yote. Kiswahili kinazo hadithi za ajabu na za giza, tena nzito, tena za tangu zamani. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia. Maduka yetu mengi huweka mbele vitabu vya shule. Magazeti yenye kurasa za uhakiki wa vitabu ni machache. Amebaki msomaji anayemwambia msomaji mwenzake, na kwa sababu hiyo namna tunavyopendekezeana vitabu si jambo la kupitisha usiku tu. Kitabu kikipendekezwa vizuri kinaishi. Kikitajwa jina tupu, kinazama kwenye mazungumzo pamoja na salamu za asubuhi.

Siku moja muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku aliuliza swali hilohilo. Majina yakaanza kuporomoka. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kundi zima linamheshimu, akamwandikia: "Binti yangu, kabla sijakupa kitu, niambie wewe unaogopa nini."

"Shikamoo mwalimu. Majini hayanitishi, nimekulia pwani, nimeyasikia tangu utotoni. Damu naiona kila siku kazini. Naogopa mtu aliyekufa arudi aniulize nimefanya nini tangu alipoondoka."

"Marahaba. Basi tafuta Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Usisome maneno ya nyuma ya jalada."

Pendekezo lilikuwa fupi hivyo, nami sijaona lililo bora kuliko hilo. Riwaya hiyo ya mwaka 2001 inamhusu mtu anayeitwa K, kigogo aliyeshiba, mwenye kila kitu ambacho cheo kinaweza kumpa mtu. Babu yake, aliyekwisha kufa na kuzikwa, anamrudia. Hamrukii shingoni wala hamnyonyi damu. Anamtoa katika starehe zake na kumtembeza aone hali za watu ambao yeye na wenzake wamewaacha, na K hana pa kujificha kwa sababu anayemwuliza ni mzee wake mwenyewe, na mzee wako huwezi kumwambia hujui anachokisema. Baadaye muuguzi alirudi kundini akilalamika: "Mwalimu, mbona umenipa siasa?" Mwalimu akamjibu: "Ulisema unaogopa kuulizwa umefanya nini, mwanangu. K naye anaulizwa. Endelea." Akaendelea, akamaliza, akaanza kuwapa wenzake kazini.

Angalia alichokifanya mwalimu. Hakuanza na kitabu anachokipenda yeye. Alianza na mtu aliye mbele yake. Hofu ni ya namna nyingi. Yupo anayetaka kutishwa na kiumbe asiyeonekana. Yupo anayetaka kuona uovu wa binadamu ulivyo hadi mwisho wake. Yupo anayetaka kupotezwa, aingie katika dunia ambayo sheria zake hazijui, asijue lini atatoka. Na yupo anayetaka aogopeshwe kisha aelezwe, yaani mwisho wa kitabu taa iwashwe na kila kivuli kipate jina lake. Hawa wote wanaandika ombi moja lenye maneno yaleyale: naombeni ya kutisha. Ukimpa wa mwisho kitabu cha wa tatu, atakirudisha akisema hakieleweki, na hatakuamini tena.

Kwa huyo anayetaka taa iwashwe mwishoni, ninaye mtu mmoja ambaye sijamwona akishindwa: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kitabu mwaka 1960. Jina linatisha, mahali panatisha, na maiti inakutwa papo hapo mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa na kupaheshimu. Kisha anaingia Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na taratibu tunaona kwamba walio hai wanaweza kujificha nyuma ya waliokufa. Kisima cha Giningi, ya mwaka 1968, inalichezea jina ambalo Mzanzibari akilisikia tu anasisimka, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya visiwani ndiko makao ya wachawi. Wapo wanaosema hizo ni riwaya za upelelezi, hazihusiani na mada yetu. Kwangu zinahusiana sana. Kabla hujaanza kufumbua, lazima kwanza uogope, na Abdulla anajua kukuogopesha.

Hapo niseme neno kuhusu majalada. Wengi hupendekeza kwa kuangalia jina la kitabu. Salamu Toka Kuzimu ya Mtobwa nimeona ikitolewa mara kadhaa kwa mtu anayetaka mizuka. Ni riwaya ya mpelelezi Joram Kiango, ya kasi, ya hatari, na anayependa upelelezi atafurahi nayo. Anayesubiri kuzimu atasubiri hadi ukurasa wa mwisho. Usipendekeze kitabu ambacho hujakisoma. Sema wazi, "Hiki nimekisikia tu," na mwenzako atajua uzito wa neno lako.

Sasa nirudi kwa yule anayesema hatuna. Nampa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na namwomba asome sehemu moja tu kabla hajanijibu. Kijana Ikibali ametumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kudai kodi kwa liwali Adili. Anapokelewa kwa heshima, anapewa mahali pa kulala. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema na haki, akiamka peke yake na kuwaendea manyani wawili aliowafunga. Anachukua mjeledi. Anawapiga kwa zamu hadi wanazimia. Kisha mtu huyuhuyu anawalilia, anawabembeleza, anawalisha kwa mikono yake. Ikibali amejificha anatazama, haelewi. Msomaji naye haelewi. Tunachokijua ni kwamba mtu mwema anafanya ukatili kila usiku, kwamba ukatili huo unamuumiza mwenyewe, na kwamba kuna kitu kinamlazimisha.

Manyani hao ni ndugu zake wa kuzaliwa. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wataitambua mifupa ya kisa hicho, kwani huko ndugu waliogeuzwa ni mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani, akatupa majini, akatupa mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Tumekisoma kitabu hiki shuleni, tukaulizwa dhamira, tukaulizwa maadili, tukaandika kwamba wivu ni mbaya. Ni kweli wivu ni mbaya. Lakini ile picha ya usiku, mjeledi na machozi kwa pamoja, hakuna mtihani ulioiuliza, na ndiyo inayobaki kichwani mtu akiwa na miaka hamsini.

Ukitaka cha zamani zaidi, kipo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na ndani yake mna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza kula kuku. Watu wanakwenda kumshitaki. Sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anakula ng'ombe, anakula punda, anakula watu, na kila mara mwenye mji anawarudisha washitaki kwa sababu aliwaye si wa nyumba yake. Kisha paka anawala watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anakubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Mwanawe mdogo anaingia porini kumtafuta, kila anachokiua anamletea mama yake, na mama anamwambia huyu siye. Kisa kizima ni kirefu, lakini ile safari ya kutoka kuku hadi mtoto inachukua kurasa chache sana, na sijui mwandishi wa kisasa wa kutisha, wa lugha yoyote ile, anayeipanda ngazi hiyo kwa ustadi zaidi. Kiumbe hakukua gizani. Alikua mchana kweupe, mwenye mamlaka akimwona.

Shule imevihifadhi vitabu hivi, na kwa hilo naishukuru. Bila orodha za vitabu teule, vingi visingechapishwa tena. Ila shule imevipanga kwenye rafu isiyo yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyo angani, yenye wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu na hata mbinguni, inafundishwa kama somo la sheria na utawala. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi zinaitwa riwaya za kifalsafa, neno linalotosha kumkimbiza msomaji wa kawaida. Wahakiki wana maneno yao, uhalisiamazingaombwe na mengineyo, na maneno hayo yana kazi yake darasani. Kijana anayetoka kutazama filamu ya mazimwi na panga za moto hajui kwamba kitabu kile chembamba alichokikwepa chuoni kingempeleka mahali pa ajabu zaidi.

Nagona ilitoka mwaka 1990. Msimulizi hana jina. Anaingia mahali palipotawaliwa na ukimya, watu anaowakuta ni wachache, na kila anayemjibu anamjibu kwa fumbo. Anatafuta. Wanafikra waliokufa karne nyingi wanatokea na kuzungumza. Kinachotafutwa kinaonekana kwa mbali na kupotea. Mzingile, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, inatupeleka hadi kwenye dunia iliyoangamizwa, na mtu akitembea ndani yake. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, tuliyempoteza Januari 2020, alikuwa amekwisha kuandika Rosa Mistika na riwaya nyingine ambazo kila mtu anazielewa. Alijua kusimulia moja kwa moja. Hapa aliamua kutupoteza, na anayependa kupotea atamshukuru.

Namna ya kuzipendekeza hizi mbili nimeijaribu kwa watu wengi, na hii ndiyo iliyofanya kazi: mwambie mwenzako asitafute maana kwa mara ya kwanza. Asome Nagona kwa mkao mmoja, ni fupi, inawezekana. Akiona ndoto, aichukue kama ndoto. Maana itakuja akiwa anafua nguo au amekwama kwenye foleni. Ukimpa pamoja na onyo kwamba ni ngumu, umeshamfunga miguu.

Ukimpata anayesema anataka safari, usimwache bila Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002. Mtu anazunguka kijiji cha utandawazi akimtafuta mvulana anayejulikana kwa herufi P.P., mvulana asiyetaka kukua, na kila anapofika anakuta uharibifu ambao huyo P.P. ameuacha. Ni ya kuchekesha mahali pengine na ya kuogofya mahali pengi. Anayetaka anga za mbali apewe Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo, na hukumu yenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Hafi. Anatua kwingine, kwenye jamii iliyojipanga tofauti kabisa na ile iliyomhukumu. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980 kwa sababu za kisiasa, na ukilijua hilo, ile safari ya mfungwa kuelekea nyota unaisoma polepole zaidi. Sehemu ya Walenisi imetafsiriwa kwa Kiingereza katika mkusanyiko wa No Edges uliotoka Marekani mwaka 2023. Wasomaji wa Marekani wanaanza kuja kwetu kutafuta kile ambacho wa nne wetu anasema hakipo.

Na asiyeona tabu kusoma tamthilia apewe Kivuli Kinaishi, ya Said Ahmed Mohamed huyohuyo. Giningi inarudi humo, safari hii ikiwa nchi kamili yenye mtawala, Bi Kirembwe, na raia waliopumbazwa kwa uchawi wasijue kuuliza. Naiweka sambamba na riwaya yoyote ya Ulaya kuhusu utawala wa kiimla. Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya mwaka 1999, ni ya wenye moyo mgumu. Inakwenda ahera, na wapo wasomaji wenye imani kali ambao itawakera. Waambie mapema.

Kuambiana mapema ni sehemu ya adabu ya kazi hii. Kitabu cha giza kinagusa vidonda. Mtu aliyefiwa na mtoto mwezi uliopita hahitaji kukutana na kifo cha mtoto ukurasa wa arobaini bila kujua. Aliyewahi kubakwa hivyohivyo. Unaweza kumtahadharisha bila kumharibia uhondo: "Kuna ubakaji katikati, hauelezwi kwa urefu." Sentensi moja inatosha. Mwisho usiutaje kamwe, hata kama mwenzako anakubembeleza.

Watu wanadhani mtindo huu wa wasomaji kutafutana ulianza na intaneti. Ulianza na posta. Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg, alianzisha jijini New York jarida la Amazing Stories, la hadithi za sayansi na maajabu. Katika ukurasa wa barua za wasomaji alichapisha majina pamoja na anwani kamili. Wasomaji waliokuwa wapweke, kila mmoja kwenye mji wake akidhani ni yeye peke yake anayependa mambo hayo, wakaanza kuandikiana bila kupitia kwa mhariri. Kutokana na barua hizo vikazaliwa vilabu, vijarida vya kujitolea, na hatimaye mikutano mikubwa ya wasomaji ambayo ipo hadi leo. H. P. Lovecraft, aliyekuwa akiandika hadithi za kutisha kwa jarida jingine, Weird Tales, aliandika barua kwa maelfu, na mwaka 1927 akachapisha insha ndefu juu ya hadithi za kutisha ambayo kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja akiwaambia wenzake: someni hiki, kwa sababu hii. Vitabu kadhaa vilivyokuwa vimesahauliwa vilipata wasomaji wapya kwa sababu ya insha hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kurasa zake za marafiki wa kalamu, na kadi za salamu redioni zenye majina na sanduku la posta. Tulizitumia kusalimiana, kutafuta wachumba, kuomba nyimbo. Hadithi nazo zilipita magazetini kwa vipande, wiki hadi wiki, na neno "itaendelea" likauza magazeti mengi. Eric Shigongo alijijengea wasomaji wengi kwa njia hiyo. Miaka ya 2000 filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilionyesha kwamba hamu ya kutishwa kwa Kiswahili ipo, tena kubwa. Siku hizi simulizi za majini, za makaburi, za mabinti wa kuzimu zinapostiwa kwa sehemu kwenye Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza hadi ya tisini, na zina wasomaji ambao riwaya nyingi zilizochapishwa hazijawahi kuwapata. Siwadharau waandishi hao hata kidogo. Wengine wana kipaji cha kumshika mtu koo. Ninachowaomba ni jambo moja, nalo ni zito.

Waache kuandika juu ya simulizi zao "kisa cha kweli" pale ambapo wametunga.

Hofu katika nchi zetu haikai kitabuni. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ulipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mjini Zanzibar mtu mmoja mgonjwa wa akili alipigwa hadi akafa akidhaniwa ndiye. Enzi za ukoloni watu wa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko waliwaogopa wazimamoto wakiamini wanakamata watu na kuwanyonya damu. Ndio mumiani wa simulizi za bibi zetu. Wazee wenye macho mekundu wameuawa Kanda ya Ziwa kwa kusingiziwa uchawi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo, na mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilifika mahali pa kuwapiga marufuku waganga wa kupiga ramli. Mwandishi anayetunga kisa cha bibi kizee anayekula watoto, akakipa kijiji cha kweli na kubandika juu yake kwamba yametokea, anaweka kiberiti penye majani makavu.

Riwaya ya giza yenyewe haina hatia hiyo. Inakwambia tangu jalada kwamba imetungwa, na kwa hiyo inakupa nafasi ya kuitazama hofu yako bila kumtafuta wa kumpiga. Soma tena Mzimu wa Watu wa Kale ukiwa na hilo kichwani: Abdulla anauchukua woga wa watu kuhusu mzimu na kukuonyesha mkono wa binadamu uliojificha humo. Soma tena kisa cha nunda: mwenye kosa ni aliyefuga, wala hakuna jirani anayesingiziwa. Nikiwa msimamizi wa kundi, simulizi ikija na "kisa cha kweli, sambaza kwa watu kumi," naiondoa, na anayelalamika namweleza haya niliyoyaeleza hapa.

Limebaki jambo la nakala. Kila pendekezo zuri hufuatwa na sauti ileile: "Mwenye PDF anirushie inboksi." Najua kwa nini. Mtu yuko Kigoma au Lodwar, duka la vitabu lililo karibu linauza madaftari na kalamu, na nauli ya kufuata kitabu mjini inazidi bei ya kitabu. Vitabu vingine nilivyovitaja havijaonekana madukani kwa miaka. Kwa hivyo kitabu kisichopatikana popote simlaumu anayemwazima mwenzake nakala yake ya karatasi kwa basi, na tumeazimana hivyo mara nyingi, kitabu kikifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu nzito. Lakini kitabu kilichopo dukani, ambacho mwandishi wake yu hai na anasubiri hesabu yake kwa mchapishaji, kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukirusha kwa watu mia mbili ni kumnyang'anya. Mwandishi huyo hataandika cha pili. Wachapishaji wetu wanauza zaidi vya shule kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Anayetaka wachapishe fantasia na vitisho hana budi awaonyeshe kwamba wapo watakaotoa fedha.

Basi, msomaji, ukimaliza sura hii fanya hivi. Chagua kitabu kimoja cha ajabu au cha giza ulichokisoma kwa Kiswahili, hata kama ni kile cha shuleni. Andika kwenye kundi lako jina lake kamili, mwandishi, mchapishaji, na mahali ulipokinunua. Andika ni cha kumpa mtu anayeogopa nini. Taja ukurasa au tukio moja lililokukaa, bila kugusa mwisho, na uonye kama kuna la kuonya. Kisha nenda duka lolote la vitabu mjini kwako ukakiulize kwa jina, na wakikuambia hawana, waombe wakuagizie, na uache namba yako ya simu.